Nani Apewe Nafasi ya Binti Mfalme?

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya alasiri, alitujia mama mmoja mkazi wa hapa mjini Bariadi, amemshika mkono binti yake wa miaka kumi na mmoja. Hakuja kuomba nasaha ya ndoa wala kuuliza mgawanyo wa mirathi, mambo ambayo ndiyo hutuletea wageni wengi. Alikuja kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Shule anayosoma binti huyo inajiandaa kwa sherehe ya kufunga mwaka, na walimu wameamua wanafunzi waigize hadithi ya Adili na Nduguze ya marehemu Shaaban Robert. Binti amekisoma kitabu hicho mara tatu. Aliomba nafasi ya Mwelekevu, yule binti mfalme aliyebaki hai katika mji ambao watu wake waligeuka mawe. Alipojaribiwa mbele ya wenzake aliyasema maneno yote bila kutazama karatasi. Nafasi hiyo akapewa msichana mwingine, mweupe wa rangi, ambaye bado anasoma kwa kusitasita. Na yeye akaambiwa atakuwa mmoja wa manyani wawili.

Tulimwuliza mama kama alipewa sababu.

"Nimepewa, mzee wangu. Mwalimu amesema watazamaji hawataamini. Amesema binti mfalme hawezi kuwa mweusi hivi."

Mtoto alikuwa akitazama chini, anachora vumbi kwa kidole cha mguu. Ni mweusi tii, kama walivyo wengi wetu katika mkoa huu wa Simiyu, kuanzia Busega kando ya ziwa hadi Meatu. Lau weusi ungekuwa kizuizi cha ufalme, pasingekuwa na ntemi hata mmoja katika Usukuma nzima.

Tunakiri kwamba siku ile tulimjibu mama kwa maneno ya kumtuliza tu, tukamwahidi kuzungumza na mwalimu. Baada ya kuondoka kwake ndipo ile sentensi ilipotusumbua. "Watazamaji hawataamini." Tumewahi kuisikia kabla ya hapo, na haikusemwa Bariadi. Ni maneno ambayo kwa miaka mingi yamesemwa na wenye kutengeneza filamu kutokana na riwaya za mambo ya ajabu, zile za majini, wachawi, nguva na falme zisizokuwepo, kila inapoulizwa nani apewe uso wa shujaa na nani apewe uso wa mnyama.

Wapo watakaotuandikia kwamba nyumba ya Kiislamu haina haja na filamu za nguva waliovaa nusu mavazi. Huenda wakawa na haki, na siku nyingine tutalijadili hilo. Lakini nguva amekwisha kuingia. Zamani aliingia kupitia mabanda ya video, ambako vijana walilipa sarafu chache kumsikiliza marehemu Lufufu na wafuasi wake wakizifasiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili chenye vitimbi kuliko filamu zenyewe. Leo anaingia kwa simu ya mkononi, na mtoto anamtazama akiwa amejifunika shuka. Kwa hiyo ni afadhali tujue anafundisha nini.

Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya nguva, na nafasi ya binti huyo wa bahari akapewa mwimbaji Mmarekani mweusi, Halle Bailey. Filamu ilikuwa haijaonyeshwa bado, watu wakawa wamekwisha kugawanyika kwa matusi. Hoja ya waliokasirika ilikuwa moja: kitabu hakisemi hivyo. Nasi tuwe waadilifu. Hadithi ya asili iliandikwa mwaka 1837 na Hans Christian Andersen wa Denmark, na ni kweli kwamba alimsifu nguva wake kwa macho ya buluu na ngozi mfano wa jani la ua waridi. Lakini nguva wa Andersen hakuitwa Ariel, hakuolewa na mwana wa mfalme, na mwisho wake aligeuka povu la bahari. Ni Disney hao hao, katika katuni yao ya mwaka 1989, waliompa jina, wakamwokoa na mauti, wakamwoza. Hadithi ya huzuni ikageuzwa hadithi ya harusi, na wengi wa wanaodai leo uaminifu kwa kitabu walikua wakiipenda harusi ile. Kifo cha binti waliweza kukifuta bila kunung'unika, ila rangi yake ndiyo haikuvumilika.

Mwaka mmoja kabla yake jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa aliyeandamwa alikuwa mtoto. Leah Jeffries, msichana mweusi wa miaka 12, alichaguliwa kuigiza Annabeth katika tamthilia iliyotokana na riwaya za Percy Jackson. Katika vitabu, Annabeth ana nywele za rangi ya dhahabu. Watu wazima, wenye watoto wao nyumbani, walimwandikia mtoto huyo maneno ambayo hatuwezi kuyachapa katika ukurasa wa familia. Aliyesimama kumtetea ni Rick Riordan, yaani yule yule aliyezitia nywele hizo wino. Alieleza hadharani kwamba alimtafuta mtu mwenye roho ya Annabeth, na kwamba kumshambulia mtoto kwa rangi yake ni ubaguzi wa rangi hata ukiitwa mapenzi ya kitabu. Mwenye kitabu ameridhika, na wasomaji wake wanakitetea kitabu dhidi yake!

Huku kwetu Afrika Mashariki tunao wana wetu waliolipitia jaribio hili. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi na kukulia Marekani. Mwaka 2008 aliigiza katika filamu ya Twilight, iliyotokana na riwaya mashuhuri ya Stephenie Meyer kuhusu wanyonya damu. Miaka kumi baadaye mwongozaji wa filamu hiyo, Catherine Hardwicke, alisimulia kwamba alitaka waigizaji wa rangi mbalimbali tangu mwanzo, lakini mwandishi alikuwa amewaza wanyonya damu wake kuwa na ngozi nyeupe inayong'aa. Mlango ulifunguka kidogo kwa mhusika mmoja tu, Laurent, ambaye kitabu kilimpa ngozi ya rangi ya zeituni. Hapo ndipo kijana wa Nairobi alipopenya. Tutafakari kidogo. Msomaji yuko tayari kusadiki mtu asiyekufa, anayekunywa damu na kumeremeta juani kama almasi. Atakayemshinda kumsadiki ni mtu huyo huyo akiwa mweusi.

Na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alipata tuzo ya Oscar mwezi Machi mwaka 2014, heshima ambayo hakuna mwigizaji wa Kenya aliyewahi kuifikia kabla yake. Filamu kubwa alizoonekana baada ya hapo, kama neno ni kuonekana, zilikuwa ya vita vya nyota, ambamo sura yake ilifunikwa kwa kompyuta akawa kiumbe mdogo wa manjano mwenye miwani, na ile ya Kitabu cha Msituni ya mwaka 2016, ambamo alitoa sauti ya mbwa mwitu jike. Yeye mwenyewe ameeleza sababu zake za kuipenda kazi ile ya kwanza, na hatumsemei. Ila sisi tuliokuwa tukiingoja sura hiyo tuliingoja mpaka Queen of Katwe na kisha Black Panther ya mwaka 2018. Mwanzoni mwa mwaka ule wa tuzo alikuwa amesimulia mbele ya kina mama wa Marekani kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu kila usiku aamke asubuhi akiwa mweupe, na kila asubuhi alikimbilia kioo. Wazazi wa Bariadi wanaodhani kwamba watoto wao hawaombi dua ya namna hiyo wawasikilize vizuri wakati wa kulala.

Lakini kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha zamani kuliko hivyo vyote, na wazee wetu wamekishika mikononi. Ni riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wengi waliosoma enzi za mkoloni katika Tanganyika walijifunzia humo kusoma kwa raha. Ni hadithi ya Wazungu watatu wanaokwenda kutafuta hazina katika nchi ya kubuni ya Wakukuana, wakifuatana na Umbopa, mtumishi ambaye mwishowe anadhihirika kuwa ndiye mfalme halali wa nchi hiyo. Na humo ndani yumo binti wa Kikukuana aitwaye Foulata. Anamwuguza mmoja wa wale Wazungu, wanapendana, kisha anauawa kwa kisu cha ajuza mchawi. Haggard akamfanya binti huyo aseme, akiwa anakata roho, kwamba ni heri afe kwa kuwa jua haliwezi kuoana na giza. Soma mwenyewe uone: mwandishi alimwumba binti mwema kuliko wote katika kitabu, halafu akaona hakuna pa kumweka ila kaburini.

Kitabu hicho kilipofanywa filamu na kampuni ya MGM, watengenezaji hawakujenga msitu wa maboksi huko Marekani. Walikuja huku. Filamu iliyotoka mwaka 1950 ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na katika nchi zilizokuwa chini ya Wabelgiji, na wenyeji wakaigiza Wakukuana. Umbopa aliigizwa na mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya waigizaji kwa neno moja, Siriaque. Wenzake waliandikwa vivyo hivyo: Kimursi, Baziga, Sekaryongo. Stewart Granger na Deborah Kerr wana majina mawili mawili.

Na huyu Deborah Kerr aliigiza nani? Aliigiza bibi wa Kiingereza anayemtafuta mumewe aliyepotea, na ndiye anayependwa na shujaa wa safari. Mfungue Haggard ukurasa kwa ukurasa. Bibi huyo hayumo. Msimulizi wa riwaya anatangaza tangu mwanzo kwamba hadithi yake haina mwanamke wa kizungu. Filamu ikamtia asiyekuwemo, ikamwondoa Foulata aliyekuwemo. Kitabu kilimwua binti mweusi ili asiolewe. Filamu iliona hata kumwua ni kumpa nafasi kubwa mno. Filamu hiyo ikapewa tuzo mbili za Oscar, moja kwa uzuri wa picha zake, yaani kwa uzuri wa nchi zetu hizi.

Ndiyo maana tunapoambiwa leo kwamba jambo linalotetewa ni kitabu, twataka kujua kitabu hicho kilikuwa wapi mwaka 1950.

Je, tunasema basi kila mtu aigize kila kitu, na maneno ya mwandishi yasiwe na uzito? Hapana. Yupo mwandishi aliyelia kilio cha haki. Ursula Le Guin, Mmarekani mweupe, alianza mwaka 1968 kuandika riwaya za visiwa vya Earthsea, ambamo shujaa Ged ana ngozi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, rafiki yake mpenzi ni mweusi kabisa, na watu weupe ni wachache wa pembeni. Alifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu alichoka na hadithi ambazo kila shujaa ni mweupe. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilizitengeneza riwaya hizo, ikampa Ged mwigizaji mweupe. Le Guin, aliyekuwa na umri wa miaka 75, aliandika kwa uchungu kwamba kazi yake imepakwa chokaa. Na mwaka 2012, ilipotoka filamu ya The Hunger Games, watazamaji wengine walikasirika kumwona mtoto Rue kuwa mweusi, hali kitabu chenyewe kilikuwa kimesema wazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Walikuwa wamesoma, maneno wakayaona, na macho yao yakayafuta.

Kwa hiyo sisi tunatenganisha. Ipo hadithi ambayo rangi ndiyo nguzo yake. Ukiiondoa nyumba inaanguka. Mfano mwema twaujua sote. Filamu ya Ar-Risala ya mwaka 1976, ambayo familia nyingi hutazama kila ifikapo Ramadhani, ilitengenezwa mara mbili na Moustapha Akkad, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila moja na waigizaji wake. Katika ile ya Kiingereza, Bilal aliigizwa na Johnny Sekka, mtoto wa Afrika Magharibi. Haikuwezekana kuwa vinginevyo. Hiyo si hekaya, ni sira. Na lile jiwe kifuani mwa Bilal, na ule mwito wake juu ya Al-Kaaba, haueleweki bila kujua Makuraishi walimwona nani walipomtazama. Ukimpa mtu mweupe nafasi hiyo umeifuta aya ya historia. Nguva, kwa upande wake, hana taifa. Rangi ya mkia wake haibadilishi kitu katika mkasa wake.

Na hizi hekaya zenyewe, wapenzi wasomaji, zina asili ya kutembea. Aladini, ambaye dunia nzima humchora kwa kilemba cha Kiarabu, katika maandishi ya kwanza yanayojulikana ni kijana wa Uchina. Msimulizi wake alikuwa Hanna Diyab, Mshami wa Halab, aliyempa kisa hicho Mfaransa Antoine Galland huko Paris mwaka 1709. Disney wakamweka katika mji wa kubuni uitwao Agrabah. Na walipoirudia filamu hiyo kwa watu halisi, ilibidi mwaka 2018 wakiri kwamba baadhi ya watu wa kazi za hatari walipakwa rangi ili wafanane na wenzao, kana kwamba London ina upungufu wa watu wa rangi ya maji ya kunde.

Shaaban Robert naye alifanya la kwake. Anayezijua Alfu Lela U Lela atautambua mkasa wa Adili: kule ni liwali wa Basra, na ndugu zake wenye husuda wamegeuzwa mbwa. Mwandishi wetu wa Tanga akauchukua mkasa, akautoa Basra akauhamishia Janibu, nchi isiyo kwenye ramani yoyote, na mbwa akawafanya manyani. Hakuomba ruhusa kwa watu wa Basra. Toka mwaka 1952 tunakisoma kitabu hicho kuwa ni chetu, na ni chetu kweli. Mtu anayesema hadithi haiguswi haijui hadithi anayoisimamia jukwaani.

Hapa tunarudi nyumbani, maana lawama zote tulizowabebesha watu wa ng'ambo zina kivuli chake hapa. Mwalimu yule hakumwuliza Disney. Alichukua kipimo kilichokuwa mfukoni mwake. Tumehudhuria vikao vya mahari katika wilaya hizi, Itilima, Maswa na hapa Bariadi, na tumesikia kwa masikio yetu weupe wa binti ukihesabiwa kwa ng'ombe. Mshenga anamsifu binti kwa tabia, kwa kilimo, kwa swala. Wazee wanatikisa vichwa. Akisema "halafu ni mweupe", wanakaa sawa kwenye viti. Binti aliyepo nyuma ya mlango na sinia la chai anasikia. Kisha tunashangaa kuona serikali ikipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni na mabinti wakiendelea kuvitafuta kwa siri, wakijichubua mpaka mishipa ikaonekana. Tunawalaumu kwa mkorogo. Bei ya ng'ombe tuliipanga sisi.

Na kanda hii, kuliko nyingine yoyote nchini, ilipaswa kujua kwamba hadithi kuhusu ngozi ya mtu si mchezo. Ndugu zetu wenye ualbino walianza kwa kufanywa wahusika wa ngano: kwamba si watu kamili, kwamba hawafi bali hutoweka, kwamba viungo vyao vina utajiri. Watu wazima waliokulia kwenye ngano hiyo ndio walioshika mapanga, na Kanda ya Ziwa ikazika watoto. Hatusemi kwamba mchezo wa shule ni sawa na panga. Tunasema kwamba mtoto hufundishwa nani ni mtu na nani ni kiroja mapema sana, na mara nyingi hufundishwa akiwa anacheka.

Waislamu hatuna udhuru katika hili. Qur'ani imezihesabu tofauti za ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, kwenye mpangilio mmoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na Abu Dharr, swahaba wa daraja ya juu, alipomkashifu mtu kwa mama yake, Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimwambia usoni kwamba ndani yake bado mna ujahili. Baadhi ya riwaya zinasema aliyekashifiwa ni Bilal, na kosa lilikuwa kumwita mwana wa mwanamke mweusi. Abu Dharr hakujitetea kwamba watu wa wakati ule ndivyo walivyozoea kusema.

Jumatano ya wiki iliyopita tulikwenda kumwona mwalimu. Ni kijana mpole, mchapakazi, na kwa kuwa tumeahidi kusema kweli, ni mweusi kuliko mtoto mwenyewe. Alitupokea vizuri, akatuagizia soda.

"Wazee wangu, mimi sina ubaya na yule mtoto," alisema. "Anasoma kuliko wote. Lakini wazazi watakuja, mgeni rasmi atakuja. Nikimtoa yule kuwa binti mfalme, watacheka."

Tulimwuliza kama watakapomwona yeye akiwa nyani hawatacheka.

Alinyamaza. Baadaye akasema kwamba nyani atavaa kinyago, kwa hiyo haitajulikana ni nani. Tulimwambia kwamba mtoto atajua, na mama yake atakuwa amekaa katika mstari wa mbele akijua kinyago kipi ni cha mwanawe. Tukamwomba atuonyeshe katika kitabu mahali Shaaban Robert alipomwambia mwalimu wa Bariadi amtafute Mwelekevu mweupe. Alikwenda ofisini akarudi na nakala moja, jalada halipo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Alianza kufunua, akasoma kidogo kwa sauti ya chini, akafunua tena. Kengele ikalia, akatuomba radhi kuwa ana kipindi, akakitia kitabu mfuko wa shati na kusema atakisoma chote usiku.

Hadi tunapeleka ukurasa huu mtamboni hajatuletea jibu, na mazoezi yanaanza tena Jumatatu. Mama yake amesema hatamzuia mtoto kushiriki, kwa nafasi yoyote atakayopewa, kwa sababu mtoto mwenyewe amekataa kubaki nyumbani. Jana jioni tulimkuta barazani akimsomea mdogo wake. Maneno ya Mwelekevu ameyahifadhi yote, na ya Adili pia. Tulimwuliza ya nyani. Akasema nyani hana maneno, analia tu anapochapwa.